Tarumbeta tano, wazee wanne: ruzuku ndogo katika Bigwala ya Busoga

Desemba 2012, Kamati ya UNESCO inayosimamia turathi za utamaduni zisizoshikika ilikutana Paris na kuiingiza Bigwala, muziki na ngoma ya tarumbeta za vibuyu ya Busoga, mashariki mwa Uganda, katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Maelezo ya uamuzi huo yalitaja mabingwa wanne tu waliobaki, wote wazee, wenye ujuzi wa kutengeneza tarumbeta hizo, kuzipuliza na kucheza ngoma yake. Wengi huisoma namba hiyo kwa huzuni, kisha wanasonga mbele. Anayeijua Bigwala anapiga hesabu. Seti moja ina tarumbeta tano au zaidi za ukubwa tofauti, na kila moja hutoa sauti moja tu. Wimbo hupatikana kwa wapulizaji kupokezana sauti hizo kwa zamu, kila mtu akiingia mahali pake. Kwa hiyo mabingwa wanne wakikutana, bado wanamhitaji mtu wa tano ili seti itimie.

Hesabu hiyo inaeleza karibu kila kitu kilichofuata. Msanii wa zeze au marimba anaweza kufadhiliwa peke yake, akakaa na mwanafunzi mmoja kivulini, na ujuzi ukapita. Bigwala haiwezi. Ukimlipa mzee mmoja amfundishe kijana mmoja, umelipia sauti moja isiyo na maana. Mfadhili hapa ananunua seti nzima au hanunui chochote.

Mfadhili wa kwanza alikuwa ikulu

Bigwala ilikuwa muziki wa watawala wa Busoga: kutawazwa, mazishi na sherehe za ikulu. Tarumbeta moja huanza, nyingine hufuata, waimbaji huingia, kisha wachezaji wanazunguka kwa duara wakiyumbisha viuno. Mashairi husimulia historia ya Wasoga, hasa habari za mfalme wao, na hayaachi kugusa ndoa, uongozi na mwenendo wa watu.

Utawala huo ndio uliokuwa mfuko wa sanaa hii, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Uliwapa wapulizaji heshima, mlo na, muhimu kuliko vyote, tarehe. Palikuwa na siku ambayo lazima Bigwala ilie. Katiba ya Uganda ya mwaka 1967 ilizifuta falme, na tarehe zile zikafutika pamoja nazo. Falme ziliporudishwa mwaka 1993, na Henry Wako Muloki akatawazwa tena kuwa Kyabazinga, yaani mfalme wa Busoga, mwaka 1995, cheo kilirudi lakini mkoba haukurudi. Ibara ya 246 ya Katiba ya 1995 inakataza mtu yeyote kulazimishwa kuchangia gharama za kumtunza kiongozi wa kimila. Ikulu isiyo na kodi haiwezi kuweka kikosi cha wapulizaji kama zamani.

Kisha Muloki akafariki Septemba 2008, na kukazuka mgogoro wa urithi uliodumu hadi William Gabula Nadiope IV alipotawazwa mwaka 2014. Maana yake ni kwamba Bigwala iliandikwa Paris mwaka 2012 wakati kiti chake kikigombaniwa: muziki wa mfalme bila mfalme. Waswahili wa pwani wanaijua hali hii kupitia siwa, baragumu kubwa la sherehe. Siwa ya pembe za ndovu ya Pate nayo hupulizwa kwa ubavuni kama tarumbeta za Busoga, nayo ilikuwa alama ya utawala. Utawala ulipokwisha, ikabaki kuwa kitu cha makumbusho. Kibuyu hakina hata bahati hiyo, maana kinapasuka na kuoza.

Mlango wa dola 25,000

Kuingia kwenye orodha hakuleti hela. Hapa ndipo vikundi vingi hukosea: cheti cha UNESCO kinafika, watu wanasubiri malipo, na malipo hayaji. Orodha ni kitu kimoja, Mfuko wa Turathi Zisizoshikika ni kingine, na Mfuko huombwa kwa fomu yake, ICH-04.

Mfuko huo ulianzishwa na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003. Nchi zilizouridhia huchangia kiasi kisichozidi asilimia 1 ya mchango wao katika bajeti ya kawaida ya UNESCO. Uganda iliuridhia mwaka 2009. Kwa miaka mingi Mfuko ulitumika chini ya uwezo wake, kwa sababu maombi yaliyoandikwa vizuri yalikuwa machache. Anayelalamika kwamba hakuna fedha za ngoma za asili aanze kwa kuuliza ni nani katika wilaya yake anayeweza kuandika ombi linalopita.

Ombi hutolewa na nchi. Kikundi hakiwezi kutuma barua Paris. Kwa Uganda, njia hupita Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ambako idara ya utamaduni ipo, pamoja na tume ya taifa ya UNESCO. Asasi ya kiraia inaweza kutajwa kuwa mtekelezaji, na kwa Bigwala mtekelezaji alikuwa Baraza la Taifa la Wanafokloria wa Uganda, maarufu kwa kifupi NACOFU. Kazi iliongozwa na James Isabirye, mwanamuziki na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, ambaye baadaye aliandika kitaaluma juu ya ufundishaji uliofanyika.

Kiasi kilichoidhinishwa ni dola 24,990. Hakuna anayefika kwenye namba hiyo kwa bahati. Wakati huo maombi yasiyozidi dola 25,000 yangeweza kuamuliwa na halmashauri ndogo ya Kamati, bila kusubiri foleni ya kikao kikuu cha mwaka. Mwaka 2016 kikomo hicho kilipandishwa hadi dola 100,000, lakini Bigwala iliomba chini ya sheria ya zamani, ikapita mlangoni kwa tofauti ya dola 10.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa maoni yetu. Wenye ujuzi wakiwa wanne na umri umekwenda, miezi inayopotea kwenye foleni ni ghali kuliko dola elfu kadhaa za ziada. Ila una gharama yake: bajeti iliyokatwa ili ipite mlangoni hupangwa kwa urefu wa mlango. Kinachokatwa kwanza huwa ni kile cha mwaka wa tatu.

Hesabu inavyokaa

Hesabu ifuatayo ni mfano wetu wa kuonyesha uzito wa kila fungu. Si bajeti halisi ya NACOFU. Chukua dola 24,990 kwa miezi 24. Toa asilimia 20 ya usimamizi, uhasibu, ukaguzi na taarifa, nayo ni dola 4,998. Zinabaki 19,992, yaani kama 833 kwa mwezi.

Sasa weka masomo. Vibuyu vikipandwa mwezi wa kwanza, tarumbeta zitakuwa tayari kama mwezi wa nane. Imebaki miezi 16. Somo moja kwa wiki, wiki nne kila mwezi, ni masomo 64. Wazee wanne wakipewa dola 10 kila mmoja kwa somo, ni 2,560. Vijana 25 (wapulizaji 15, yaani seti tatu, na waimbaji na wachezaji 10) kwa nauli na chakula cha dola 2.5 kila mmoja, ni 4,000. Fedha nyingine inakwenda kwenye shamba, ngoma za kusindikiza, usafiri wa waratibu, kurekodi, mikutano ya ukoo na viongozi, na maonyesho mawili au matatu. Inatosha, lakini haina ziada. Mvua ikikosekana msimu mmoja, masomo yanapungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Fungu linalosahaulika mara nyingi ni matibabu na usafiri maalumu wa wazee. Mzee wa miaka zaidi ya 70 hapandi bodaboda kilomita 20 katika barabara ya vumbi kila wiki. Ama vijana wamfuate, ama bajeti imlipie gari. Ni nafuu zaidi vijana wamfuate, na isitoshe nyumbani kwake ndiko ziliko mbegu, visu na majirani wanaozijua nyimbo.

Jambo jingine ni mtiririko wa malipo. Mikataba ya namna hii hulipwa kwa awamu, na awamu ya mwisho hutoka baada ya taarifa ya kazi na ya fedha kupokewa. Kikundi kisicho na akiba kinafika mwisho wa mradi kikiwa kinadaiwa na mwenye gari, mama anayepika na wazee wenyewe. Dawa ni kupanga gharama kubwa kwenye awamu ya kwanza na ya pili, na kuiachia ya mwisho vitu vinavyoweza kusubiri, kama kuhariri picha na kuchapa kijitabu. Mkataba unahesabiwa kwa dola na sokoni watu wanalipwa kwa shilingi, kwa hiyo mhasibu aandike kiwango cha ubadilishaji cha siku ile ile benki ilipobadilisha, si cha siku ya kuandika taarifa. Wakaguzi huanzia hapo.

Stakabadhi za kijijini nazo zina ugumu wake. Muuza muhogo hana kitabu cha risiti. Kubalianeni na mfadhili mapema kuhusu fomu ya malipo ya mkono yenye jina, kiasi, kazi, tarehe na saini au alama ya dole gumba, na mashahidi wawili. Kuomba ruhusa hiyo baada ya matumizi huonekana kama kuficha.

Kibuyu hakisomi kalenda ya mradi

Mradi wa Bigwala ulikuwa na kazi ya shamba kabla ya kazi ya muziki, na hili ndilo linalowashangaza wafadhili waliozoea kununua vyombo dukani. Vibuyu virefu vilikuwa vimekuwa adimu. Kibuyu kilikuwa chombo cha maji na pombe kwanza, tarumbeta baadaye. Jerikeni lilipoingia, watu wakaacha kukipanda, na mbegu zikapotea bila mtu kukusudia.

Busoga ina misimu miwili ya mvua, wa Machi hadi Mei na wa Septemba hadi Novemba. Mbegu iingie ardhini mvua zinapoanza. Fedha iliyotakiwa kufika Februari ikifika mwishoni mwa Aprili, msimu umekwenda na mradi umepoteza nusu mwaka. Kwa hiyo shamba lisisubiri awamu ya kwanza. Dola 100 za kukopa kwa ajili ya mbegu, jembe na nguzo huokoa miezi sita.

Panda mbegu mbili au tatu kwa shimo, acha mita mbili hadi tatu kati ya mashimo, kisha ng'oa uache mche mmoja wenye nguvu. Utambaze juu ya uchanja wa nguzo imara, kimo cha mtu au zaidi. Kibuyu kinachoning'inia hunyooka kwa uzito wake. Kilicholala chini hupinda na kuoza upande wa udongo. Maua hufunguka jioni na huchavushwa na nondo, kwa hiyo kama vibuyu havishiki, chavusha kwa mkono magharibi: chukua ua dume, ligusishe kwenye ua jike. Usipande aina ya duara ya kuchotea maji karibu na aina ndefu. Matunda ya mwaka huu yatakuwa sawa, lakini mbegu zake zitakuwa zimechanganyika, na mwakani utavuna vibuyu visivyo virefu wala duara.

Uvunaji wa mapema ndio kosa linalorudiwa zaidi, kwa sababu mratibu ana tarehe ya taarifa. Kibuyu kichanga hunyauka na ganda lake hubaki jembamba, kikikatwa kinapasuka. Subiri kikonyo kikauke, miezi minne hadi sita tangu kupanda, kisha anika mahali penye hewa kwa wiki kadhaa hadi mbegu zigonge ndani unapokitikisa. Ukungu wa nje hauna neno, unakwanguliwa. Harufu ya kuoza na ulaini ndiyo dalili ya kukitupa. Panda angalau mara tatu ya idadi unayohitaji: kwa seti tatu za tano, zenye vipande kadhaa kila tarumbeta, matunda 150 si mengi.

Tarumbeta huundwa kwa vipande vya vibuyu vilivyochomekwa na kugandishwa hadi urefu unaotakiwa ufikiwe, na tundu la kupulizia hutobolewa ubavuni. Urefu ndio unaoamua sauti. Ukikata, sauti inapanda, na ukikata sana hakuna kurudi ila kuongeza kipande. Kwa hiyo fundi huanza na ndefu, anapunguza kidogo kidogo, huku nyingine nne zikipulizwa kando yake. Hapa mzee hana mbadala. Mizani ya muziki wa Busoga ni ya sauti tano zilizoachana kwa nafasi zinazokaribia kulingana, na kijana aliyezoea kinanda cha kanisani ataivuta seti kwenye kinanda bila kujua. Mzee akifariki kabla ya seti mpya kurekebishwa, kilichobaki ni rekodi za zamani. Mtafiti Peter Cooke alirekodi muziki mwingi nchini Uganda, na mkusanyo wake umehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza jijini London. Nakala zinazofaa zipatikane na kusikilizwa pamoja na wazee wakiwa hai, waseme lipi sahihi na lipi lilikuwa siku mbaya ya wapigaji.

Darasani na nje ya darasa

Andiko la mradi hupenda neno shule, maana shule ina orodha ya mahudhurio na picha nzuri za sare. Bigwala hupata tabu humo. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi hata kupasha midomo moto, na mwalimu wa muziki huanza kwa kugawa sehemu: wewe pulizia hapa, wewe hesabu mbili. Mpulizaji wa Bigwala hahesabu, anasikiliza mwenzake na kuingia panapobaki pengo. Ukimfundisha sehemu yake peke yake unamfundisha kitu kingine. Maandishi ya Isabirye yanatilia mkazo hili: vijana walijifunza pale waliporuhusiwa kuingia kundini kama zamani, wakakosea humo humo, wakaona ngoma ni yao.

Mpangilio unaofaa ni kijana kukaa kati ya wapulizaji wawili wanaojua, kupewa kwanza tarumbeta yenye kazi nyepesi, kisha kubadilishana hadi kila mtu amepuliza zote tano. Hii ndiyo bima. Seti yenye watu watano, kila mmoja akijua nafasi yake tu, inakufa siku mmoja akihamia Kampala kutafuta kazi, na mmoja atahamia. Ndiyo maana mfano wetu una wapulizaji 15: si kwamba kuna haja ya vikundi vitatu, bali miaka mitatu baadaye ukibakiwa na saba umefanikiwa.

Posho iangaliwe kwa makini. Ikizidi, wanakuja watu wasio na hamu ya kupuliza, na siku posho inapokatika wanaondoka pamoja na waliokuwa na hamu. Ikikosekana kabisa, wanabaki watoto wa waliojiweza. Chakula cha pamoja na nauli halisi hufanya kazi kuliko bahasha. Wazee ni suala tofauti: wao ni walimu, walipwe ujira unaojulikana, kwa kiwango sawa kwa wote wanne, na kila mtu akijue. Tofauti ya siri ya shilingi elfu tano imevunja vikundi vikubwa kuliko hivi.

Ridhaa nayo ipatikane mapema, ya wazee na ya ufalme, hasa kuhusu nyimbo za mazishi ya watawala. Nani anaruhusiwa kuzipiga, wapi, na rekodi zitakaa kwa nani? Majibu yaandikwe kwa Kisoga kwanza, yasomwe kwa sauti mbele ya wote, kisha yatafsiriwe kwa ajili ya mfadhili.

Kile ambacho ruzuku haikununua

Ruzuku ilinunua mafunzo, na hilo lilifanyika: kuna vijana waliojua kulima kibuyu, kukiunda na kukipuliza. Ikulu, kama tulivyosema, ilitoa tarehe. Mfuko wa UNESCO hautoi tarehe. Unaweza kulipia onyesho la kufunga mradi, lenye hotuba na mahema, lakini hauwezi kulipia mazishi, arusi na sherehe za miaka kumi ijayo.

Kutawazwa kwa Kyabazinga mwaka 2014 kulirudisha mahali pa Bigwala pa kuitikia. Tatizo la ikulu ni kwamba inaalika mara chache na hulipa kwa heshima. Kwa hiyo kikundi kinahitaji soko la pili la kawaida: arusi, mahafali, mikutano ya kampeni (kwa tahadhari, maana ukipuliza kwa chama kimoja umefungiwa milango ya kingine), na wageni wanaofika Jinja kutazama mto Nile. Kwa soko hilo ni lazima kiwe na toleo fupi la dakika 15, bei iliyoandikwa, simu inayopokelewa, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kukubali kazi.

Mgawanyo wa mapato uamuliwe kabla ya onyesho la kwanza la kulipwa. Uwiano unaoelekea kudumu ni sehemu saba za kumi kwa waliopiga siku hiyo, sehemu mbili kwenye akaunti ya vyombo na usafiri, na moja kwa wazee hata kama hawakufika. Hiyo moja ndiyo inayomfanya mzee aendelee kuitwa nyumba ya Bigwala baada ya gari la mradi kuacha kuja.

Na shamba libaki. Kila msimu matunda mawili bora, marefu na yaliyonyooka, yasikatwe kwa tarumbeta bali yaachwe kwa mbegu. Mbegu zikaushwe, zigawanywe katika nyumba tatu zisizo jirani, na kila mfuko uandikwe mwaka na jina la shamba. Gharama yake kwa mwaka haifiki dola 20, na haihitaji fomu ya mtu.